Daktari wa Meno na Sisimizi wa Mabanga

Daktari wa meno aliyenifundisha kuwapenda sisimizi bado yuko hai, bado anafungua kliniki yake Kitale, na bado anasalimia watu kwa mikono miwili kama mhubiri mgeni. Nalisema hili mapema kwa sababu kila nikianza kumsimulia, watu hudhani naongea juu ya marehemu, wananipa pole. Sihitaji pole. Nina hasira, na hasira yenyewe haijui ikae wapi, maana nusu ya mambo mazuri ninayoyajua ni yeye aliyenipa.

Jina lake sitalitaja. Sote tulimwita Daktari, hata mkewe.

Mimi ni mpiga picha. Nina studio ndogo mjini Bungoma: harusi, matanga, mahafali, na zile picha za pasipoti ambazo kila mtu hulalamika kwamba hazifanani naye. Nilikuwa Kitale kwa harusi ya watu wenye uwezo pale gego langu la kushoto lilipoamka kati ya keki na hotuba. Nikamaliza kazi nikiwa nimeuma kitambaa. Kesho yake asubuhi bwana arusi mwenyewe akaniitia tuk-tuk, akamwambia dereva anipeleke kwa "yule daktari wa sisimizi". Nilidhani nimesikia vibaya kwa sababu ya maumivu.

Mahali ambapo wengine huweka televisheni, Daktari aliweka sisimizi. Ukuta mzima wa chumba cha kungojea ulikuwa na rafu, na juu ya rafu visanduku vya plasta nyeupe vilivyofunikwa kioo, na ndani ya kila kisanduku ukoo mzima ukihangaika na shughuli zake. Wafanyabiashara wa mahindi walioingia na mashavu yaliyovimba walikaa pale kimya, wakitazama mdudu akiburuta punje ya wimbi iliyomshinda ukubwa. Daktari alisema mgonjwa akitazama sisimizi husahau kuhesabu watu walio mbele yake kwenye foleni. Nami nilisahau. Alipoita jina langu nilimwambia asubiri kidogo, kuna mmoja alikuwa karibu kufika.

"Huyo hatafika leo," akasema. "Wenzake wanamvuta upande ule mwingine. Ingia, mama. Haitauma."

Iliuma. Niliona nyota zote na jamaa zao. Baadaye nilikuja kujua kwamba alimwambia kila mtu hivyo, mtoto na mzee, na ukimlaumu alicheka akasema huo ni uongo wa kazi, kama mpishi anavyosema chakula kiko karibu. Lakini gego lile alilijaza vizuri. Halijanisumbua tena tangu siku ile, na hilo nalo linanikera.

Visanduku vile alivitengeneza kwa plasta ileile ya kuchukulia sura ya meno. Aliikoroga kwenye bakuli la mpira, akaimimina, na kabla haijakauka akabonyeza vyumba kwa dole gumba na kuchimba njia kwa chombo cha kukwangulia meno. Ukitazama kwa makini ungeona mistari ya kidole chake kwenye kuta za vyumba. Koo zile ziliishi, zikazaa na kuzikana ndani ya alama za mkono wake. Nilipoliona hilo mara ya kwanza nilifikiri, huyu ni mtu wa kuaminiwa na kitu chochote chenye uhai.

Alikuwa na sheria zake, na alizisema kama mtu anayesoma amri kumi. Usichimbe shimo. Malkia ni wa kuokota, yule aliyeruka baada ya mvua, akashuka, akajikata mabawa, na sasa anazurura akitafuta mahali pa kuanzia maisha. Huyo, kati ya kumi tisa wataliwa na ndege au kuku, kwa hiyo ukiokota mmoja hujamdhulumu mtu. Mmoja kwa mwaka, basi. Malkia, alisema, ni mji mzima unaotembea kwa miguu. Na sheria kubwa kuliko zote ilikuwa kwamba pale kwake hakuna anayesema "wadudu tu". Mgonjwa akisema hivyo, hata awe na shavu kama tikiti, Daktari alivua glavu na kumpa somo kwanza. Nimewahi kumwona mama mmoja akilia, nusu kwa jino, nusu kwa kukemewa.

Somo hilo liliniingia hadi mifupani. Nilianza kuwakemea watu harusini. Nilimkemea hata mama yangu mzazi, nyumbani kwetu karibu na Mabanga, aliposema maneno hayo hayo mkononi akiwa na chupa ya mafuta taa. Tulikosana siku nzima.

Nitasema pia alichopata kwangu, maana hatukuwa mwalimu na mwanafunzi tu. Picha zake za kwanza zilikuwa aibu. Alikuwa na kamera nzuri na lenzi ameigeuza nyuma mbele ili ikuze, ujanja anaoujua kila mpiga picha wa vitu vidogo, lakini alimulika sisimizi kwa taa ya kliniki hadi wakang'aa kama vijiko. Nikamfundisha kulainisha mwanga kwa karatasi ya kuokea mikate. Yeye akaongeza la kwake: alishika kile kioo kidogo cha kutazamia meno ya nyuma, akakiweka chini ya kidevu cha sisimizi, na mwanga ukapanda ukaonyesha nywele za taya zake. Niliruka kwa furaha nikamwaga chai.

Kuna watu huweka wadudu kwenye friji ili watulie, ndipo wawapige picha. Daktari aliwadharau. "Ukimgandisha, umepiga maiti," alisema. Yeye alilala kifudifudi kwenye nyasi, mtu mzima mwenye kitambi, pumzi ameishika, hadi sisimizi mwenyewe alipoamua kusimama kujisafisha pembe. Mimi nikahamishia tabia hiyo kazini. Nikaacha kuwaamrisha maharusi kucheka, nikangoja wacheke. Watu wakasema picha zangu zimeiva.

Sitaki mdhani alikuwa malaika aliyeanguka. Alikuwa mtu wa vichekesho vingi. Wazee wasio na kitu aliwang'oa meno bure na kuwapa nauli, lakini kibano chake cha kukamatia sisimizi hakukuazima hata ungepiga magoti. Na aliogopa siafu. Mwaka mmoja wa mvua nyingi siafu waliingia kliniki mchana, mstari mnene, wakapanda rafu kwenda kuwala wapangaji wake. Mgonjwa alikimbia na kitambaa shingoni, mdomo wazi kwa ganzi. Nilipofika nilimkuta Daktari amesimama juu ya kile kiti cha wagonjwa, suruali imekunjwa magotini, akipiga kelele kwamba siafu hawana adabu. Mimi na mkewe ndio tuliowazuia kwa majivu.

Na kulikuwa na lile jambo la picha ukutani. Alitundika picha yangu moja kliniki, kubwa, nami nilikuwa nimesimama pale mgonjwa mmoja alipoisifu. "Daktari, kumbe una kipaji hivi!" Daktari akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. "Asante," akasema, "tunajaribu." Akanitazama, akanikonyeza. Nilicheka. Niliona ni utani wa marafiki.

Tulikuwa na kikundi kidogo cha wafugaji wa sisimizi, watu wachache wa Kitale na Bungoma tuliokutana Jumapili baada ya ibada na kutumiana picha kwenye simu. Mmoja wetu ni dada anayefanya kazi maabara pale chuo kikuu cha Kibabii, mtu mpole sana. Siku moja aliweka mtandaoni picha ya shimo la sisimizi wavunaji, na nyuma yake lilionekana tangi la maji. Daktari alimshukia mbele ya wote. "Umewachorea wezi ramani! Kuna watu ng'ambo wanawafuga hawa kwa fahari, na kuna watu hapa wanawachimba kuwapelekea. Utalala vipi?" Dada wa Kibabii akaifuta picha. Sisi wengine tukaona aibu kwa niaba yake, na tukamheshimu Daktari zaidi.

Sasa nyumbani kwetu.

Baba amezikwa uani, upande wa mashamba, na hatua chache kutoka kaburini pana shimo la sisimizi wavunaji, wale wakubwa wenye vichwa vyekundu. Lilikuwapo kabla baba hajalala pale. Mama aliwachukia kwa sababu walimwibia wimbi aliloanika. Nilimpeleka Daktari akalione, nikitarajia ugomvi. Badala yake alikaa na Mama kwenye mkeka, akamwonyesha kwenye kamera jinsi wanavyotoa mbegu nje kukaushwa jua likiwaka baada ya mvua, na kuzirudisha ndani wingu likija.

"Kumbe wanaanika kama mimi?" Mama akauliza.

"Kama wewe, Mama. Na huko chini yuko mama yao. Huenda alianza kazi yake kabla binti yako hajaanza ya kwake."

Tangu siku hiyo chupa ya mafuta taa ilirudi jikoni. Mama akawa anawamwagia konzi ya wimbi kila asubuhi, akiwaita watu wa mzee. Aliniambia akiamka akawakuta wamekwisha kutoka, anahisi uwanja una wenyewe.

Daktari akawa wa nyumbani. Na hapa lazima nieleze jambo la kwetu, nisipoeleza hamtaelewa kwa nini nina kinyongo hiki. Kuku akichinjwa, firigisi, ambayo sisi huiita imondo, ni ya mwenye mji, mwanamume mkuu wa nyumba. Mwanamke hakuigusa. Bibi yangu alikufa bila kujua ladha yake, na Mama pia haijui. Mungu aliwapa wazazi wangu binti mmoja tu, kwa hiyo baba alipofariki Mama akawa anaifunga kwenye jani na kumpelekea baba mdogo, ng'ambo ya barabara. Mara ya tatu Daktari alipokuja, Mama aliiweka kwenye sahani yake.

Daktari aliiona akarudisha mkono. Yeye ni mtu wa huku huku, mila anaijua. "Mama, hii si yangu. Hii ni ya mwenye mji."

"Mwenye mji amelala pale," Mama akasema, akionyesha kwa kidevu. "Wewe ndiye unakaa na watu wake. Kula."

Akala. Mama alimtazama hadi alipomeza, na macho yake yakalowa. Baada ya hapo kila alipokuja ilikuwa yake.

Mvua za kwanza zikaja. Asubuhi moja nikiwa studio namnyoosha kola mteja, Mama akanipigia simu, sauti imechangamka.

"Nekesa, wageni wako wameshiba chai, wamekwenda. Lakini mmoja amesahau kofia."

"Wageni gani, Mama?"

"Si wale umetuma waje na Daktari? Ati wa kuchukua wale wenye mabawa. Wamechukua wengi, bana! Wamewatia kwa vichupa na pamba. Halafu wakachimba."

"Wamechimba wapi?"

"Hapo. Kando ya mzee. Daktari alisema mmekubaliana, ati wewe ndiye umesema wachukue na mama yao."

Sikumaliza picha ya yule mteja. Nilipofika nilikuta shimo la kuingia mtu hadi kifuani, udongo mwekundu umerundikwa hadi kwenye saruji ya kaburi. Sisimizi walikuwa wametapakaa, kila mmoja amebeba mtoto mweupe mdomoni na hajui ampeleke wapi. Kando palikuwa na kichupa kimoja kilichopasuka, kimezibwa kwa pamba iliyosokotwa vile ambavyo Daktari pekee husokota, kama ile anayoiweka kwenye pengo la jino.

Nilimwambia Mama sikumtuma mtu. Niliapa. Mama alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema neno ambalo sijalisahau.

"Mtu aliyekula imondo ya baba yako anidanganye kwa nini?"

Kwa hesabu ya Mama, mmoja wetu wawili alikuwa ameuza ua wa baba, na yeye alikuwa amekwisha kumpa mwingine heshima ya mwenye mji. Nikabaki mimi. Hakunifukuza, hakunitukana. Aliacha tu kuniuliza habari za kazi. Nikija alinipa chai, akarudi shambani. Afadhali angenipiga.

Nilikwenda Kitale. Nilimkuta Daktari anaosha mikono, chumba cha kungojea kimejaa, rafu zimejaa. Nilipiga kelele, sikuficha, watu wote walisikia. Nilimuuliza kwa nini, na kwa nini alitumia jina langu kwa mama yangu. Akakausha kidole kimoja kimoja. Nilikuwa nangoja aniambie ana deni, ana ugonjwa, ametishwa, kitu chochote ambacho ningeweza kukishika.

"Mpiga picha," akasema taratibu, kwa ile sauti ya haitauma, "yaani tunagombana juu ya wadudu tu?"

Wagonjwa wakacheka kidogo, wakidhani ni mzaha. Nilitoka nje nikasimama kando ya malori ya mahindi nikalia kama mtoto. Kuiba ningeweza kumsamehe, pengine. Lakini maneno yale yalirudi nyuma yakafuta kila Jumapili tuliyolala kwenye nyasi. Ilikuwa kana kwamba hajawahi kuwaona.

Baadaye yule dada wa Kibabii, ambaye hakuwa ameongea kikundini tangu akemewe, alinitumia kitu kwenye simu. "Dada, pole. Nimeona hii mahali wanauza. Si ni picha yako?" Ilikuwa yangu. Malkia wa Mabanga mwenye mabawa mapya, tone la mvua begani, nyuma yake wekundu wa udongo wa kwetu. Juu yake maneno ya kigeni yakiwaalika watu wa mbali waagize. Nilimpa Daktari picha hiyo siku ya kuzaliwa kwake.

Nilimwonyesha Mama. Akaisogeza simu, akaitoa mbali, akairudisha. "Picha ni picha," akasema. Macho yake hayakuwa mazuri tena, na pengine hakutaka yawe mazuri.

Shimo lisilo na malkia halifi siku hiyo. Wale waliobaki walirekebisha mlango, wakaendelea kuvuna, wakaanika mbegu jua likitoka na kuziingiza wingu likija. Mama aliendelea kuwamwagia wimbi. Kila nilipokuja walikuwa wachache zaidi, hadi nikakuta konzi ya wimbi iko pale pale alipoimwaga.

Daktari alirudi Mabanga mwaka uliofuata, Jumapili, mimi nikiwapo. Alikuja na sukari, mkate na kamera shingoni. Aliingia uani kwa kicheko chake, akamshika Mama kwa mikono miwili. "Mama, nimewapotea! Nimekuja kuona kama kuna malkia mgeni ameshuka hapa." Alinisalimia nami, "Sasa, mpiga picha," kana kwamba tuliachana jana tukicheka. Nilitaka kumwaga sukari yake barabarani. Mama akanitazama, akamkaribisha kiti, akaingia kukamata kuku.

Kuku akachemka. Tulikaa watatu, Daktari akisifu harufu. Mama akatoka na maji ya kunawa, na akiwa anammiminia mikononi akamuuliza, kwa upole kama anayeuliza habari za mvua.

"Daktari, siku ile. Huyu alisema mchimbe?"

Daktari alinitupia jicho. Nafasi alikuwa nayo. Angeweza kusema Mama nisamehe, na najua Mama angemsamehe kabla maji hayajakauka.

"Mama, hayo si yamepita? Tuliongea naye, ndiyo. Akasema chukua tu, Daktari, hao ni wadudu tu."

Mama akaacha kumimina.

"Nekesa alisema hivyo? Ati wadudu tu?"

"Ndiyo, Mama. Maneno yake mwenyewe."

Mama akasimama na birika lake. Alinitazama mimi, si yeye, kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa anaikumbuka ile siku ya mafuta taa, jinsi nilivyomkemea uani kwake mwenyewe kwa maneno hayo hayo mawili hadi tukalala hatujasemezana. Kisha akaingia jikoni.

Alirudi na sahani. Daktari alipewa kwanza kama mgeni: ugali, mchuzi, paja na bawa, nyama nyingi tu, hakuna aliyeweza kusema amenyimwa. Nikaona anageuza vipande kwa kidole, taratibu, anatafuta. Mama akaweka sahani yangu mbele yangu. Juu ya ugali ilikuwapo firigisi.

"Mama," nikasema, "mimi?"

"Kula," Mama akasema. "Si wewe ndiye mwenye mji?"

Daktari akarudisha mkono. Chakula hakukionja. Nami nikaichukua imondo ya baba, nikaiweka upande wa kushoto, kwenye lile gego alilolijaza yeye, nikaitafuna polepole huku namtazama. Ilikuwa ngumu. Haikuuma.